Fedha za mbegu kwa tafiti za majaribio za picha za kitabibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtafiti anayefikiria kuomba ruzuku ndogo ya kujaribu wazo katika MRI (picha za sumaku), CT (eksirei za vipande vipande), PET (picha za dawa yenye mionzi), ultrasaundi, eksirei au uchanganuzi wa picha kwa kompyuta. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo maandiko mengi ya maombi hukwama. Masharti ya wafadhili hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tangazo lenyewe ndilo lenye neno la mwisho.

Fedha za mbegu ni nini, na zinatofautianaje na ruzuku ya kawaida?

Ni ruzuku ndogo ya muda mfupi, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, inayomwezesha mtafiti kupata ushahidi wa kuombea ruzuku kubwa. Mfadhili anajua kwamba wazo bado ni changa na kwamba huenda likafa. Anacholipia ni kupungua kwa mashaka juu ya utafiti utakaofuata. Ndiyo maana andiko linaloahidi kubadilisha matibabu ya saratani kwa fedha za miezi 12 hurudishwa hata pale sayansi yake inapokuwa nzuri: wapitiaji, yaani wataalamu wanaoyapima maombi, huona kwamba mwombaji hajaelewa alichoombwa.

Basi utafiti wa majaribio unapaswa kujibu swali gani?

Lile ambalo jibu lake likiwa baya, utafiti mkubwa hauna haja ya kufanyika. Kaa na timu yako mjiulize: mradi mkubwa ukishindwa miaka mitatu kutoka leo, utakuwa umeshindwa kwa sababu gani? Jibu la kweli ndilo swali la utafiti wa majaribio.

Wakati mwingine shaka iko kwenye picha yenyewe. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya mgongo ataweza kulala bila kujitikisa kwa dakika 40 ndani ya MRI? Mtoto wa miaka 5 ataweza, bila dawa ya usingizi? Wakati mwingine shaka iko kwa watu: wagonjwa wa aina unayoitaka wanapita hospitalini kwako kwa idadi gani kila mwezi, na wangapi kati yao watakubali kurudi kupigwa picha ya pili wasiyoihitaji kwa matibabu?

Shaka inayosahauliwa kuliko zote ni ya uthabiti wa kipimo. Umebuni namna ya kupima ugumu wa ini, au mtiririko wa damu kwenye uvimbe, na unataka kuonyesha kwamba dawa fulani inabadilisha kipimo hicho. Kabla ya kufika kwenye dawa, mpime mtu yuleyule mara mbili, ashuke kitandani na kupanda tena katikati, bila tiba yoyote. Namba zitatofautiana. Tofauti hizo zikikusanywa kwa watu kadhaa hukupa mkengeuko sanifu wa ndani ya mtu mmoja (yaani vipimo vya mtu huyohuyo hutawanyika kwa kiasi gani), na ukiuzidisha kwa 2.77 unapata kizingiti: badiliko lililo chini ya hapo huwezi kulitenga na kelele ya kipimo. Kwa mfano, mkengeuko huo ukiwa asilimia 5 ya thamani yenyewe, badiliko la chini ya asilimia 14 hivi kwa mgonjwa mmoja halina maana. Sasa fikiria dawa yako inatarajiwa kubadilisha kipimo kwa asilimia 8. Ni afadhali kulijua hilo kwa fedha za mbegu kuliko kwa ruzuku ya miaka mitano.

Usomaji wa picha nao una mashaka yake. Wataalamu wawili wa radiolojia wakitazama picha zilezile bila kuonyeshana majibu, watakubaliana kwa kiasi gani? Na huyohuyo mmoja akirudishiwa picha baada ya wiki kadhaa, atakubaliana na nafsi yake?

Kwa hiyo utafiti wangu wa majaribio hautathibitisha kwamba mbinu inafanya kazi?

Hautathibitisha, na usiseme kwamba utathibitisha. Unaweza kuonyesha kwamba inawezekana, kwamba kipimo ni thabiti, na kwamba idadi ya watu inayohitajika kwa jaribio kamili inafikika.

Nani hutoa fedha za namna hii, na ni kiasi gani?

Anza nyumbani. Idara ya radiolojia, kitivo, au mfuko wa utafiti wa hospitali yako hutoa fedha kidogo, lakini washindani pia ni wachache, na mara nyingi fedha hizo huambatana na kitu chenye thamani kuliko fedha: saa za mashine bila malipo au kwa bei ya ndani.

Baada ya hapo vipo vyama vya kitaaluma. Chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, RSNA, kupitia mfuko wake wa utafiti na elimu, kina ruzuku ya mbegu ya dola 40,000 kwa mradi wa mwaka mmoja. Kwa wenye uhusiano na taasisi za Marekani, NIH, yaani taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, ina njia mbili zinazofahamika sana. R03 kwa kawaida hutoa hadi dola 50,000 kwa mwaka kwa muda usiozidi miaka 2, nayo inafaa kwa kazi ndogo yenye mipaka. R21 ni ya kuchunguza wazo jipya: hadi dola 275,000 kwa miaka 2, na si zaidi ya dola 200,000 katika mwaka wowote mmoja. Viwango hivyo vyote viwili vya NIH ni vya gharama za moja kwa moja za mradi, bila gharama za uendeshaji za taasisi. Ndani ya NIH kuna taasisi ya picha na uhandisi wa kitabibu, NIBIB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2000, lakini si lazima andiko lako liende huko. Mradi wa picha za moyo unaweza kupokewa vizuri zaidi na wanaofadhili magonjwa ya moyo, kwa kuwa wao ndio wenye tatizo unalotaka kulitatua.

Kampuni zinazotengeneza mashine nazo husaidia, zaidi kwa programu maalumu na muda wa wahandisi wao kuliko kwa fedha taslimu. Soma mkataba kwanza. Kifungu cha kuangalia ni kile kinachoeleza nani anaruhusu matokeo yachapishwe.

Nahitaji matokeo ya awali ili niombe fedha za kupata matokeo ya awali?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini ni la haki. Kwa maandishi, wafadhili wengi hawadai; R21, kwa mfano, haiyataki kama sharti. Kwa vitendo, mwombaji mwenye picha mbili tatu za kuonyesha humshinda asiye na kitu. Habari njema ni kwamba matokeo hayo si lazima yatoke kwa wagonjwa. Picha za fantomu, yaani kifaa chenye umbo na vitu vya ndani vinavyojulikana, zinatosha kabisa kuonyesha kwamba unaijua mashine yako.

Historia ya fani yenyewe ilianza hivyo. Allan Cormack, akiwa Cape Town mwaka 1957, alijaribu hesabu zake za kujenga picha kwa kutumia mwali uliopita kwenye duara la alumini lililozungukwa na mbao. Godfrey Hounsfield naye, kabla ya mgonjwa wa kwanza wa CT kupigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971, alikuwa na kifaa kilichochukua siku 9 kukusanya vipimo vya picha moja. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mpitiaji wa leo angekasirishwa na siku 9, ila angeona kwamba kitu kinaonekana.

Nichukue washiriki wangapi?

Hapa ndipo maandiko mengi huandika namba bila sababu. Namba maarufu kuliko zote ni 12 kwa kila kundi, iliyopendekezwa na mtakwimu Julious mwaka 2005. Wengine husema 30. Zote zinaweza kuwa sahihi au makosa kutegemea unachotaka kukadiria.

Tuseme unataka kujua mkengeuko sanifu wa kipimo ili ukokotoe ukubwa wa sampuli ya utafiti mkubwa. Kwa watu 12, mkengeuko halisi unaweza kuwa popote kati ya takriban mara 0.7 na mara 1.7 ya ule uliouona. Kwa watu 30, masafa hayo hubana hadi mara 0.8 na mara 1.3 hivi. Amua kama tofauti hiyo inastahili gharama ya watu 18 zaidi. Kwa ultrasaundi pengine ndiyo, kwa PET pengine hapana.

Tuseme badala yake unataka kujua ni picha ngapi zitakuwa na ubora wa kutumika. Ukipiga watu 30 na picha za 27 zikafaa, umepata asilimia 90, lakini masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani pale ambapo kiwango halisi huenda kiko, yanaanzia 74 na kuishia 97. Ukitaka kuandika kwamba "angalau wanane kati ya kumi watafaa", watu 30 hawajakupa ruhusa hiyo. Vivyo hivyo kwa usalama: watu 20 bila madhara yoyote hawathibitishi kwamba madhara hayapo, maana kiwango halisi kinaweza kufika asilimia 14 hivi na bado wewe usione hata mmoja.

Kwa tafiti za kupima mtu mara mbili, kiwango cha watu 35 hutajwa sana na wanaoshughulikia vipimo vya picha vyenye namba. Ukishindwa kukifikia sema hivyo, na uonyeshe masafa utakayopata kwa idadi unayoimudu.

Kuna jambo moja ambalo watakwimu wanalipinga kwa nguvu, na wana haki: kuchukua tofauti iliyoonekana kati ya makundi mawili madogo na kuifanya msingi wa hesabu ya sampuli kubwa. Ukiwa na watu 12 kila upande na ukaona tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu, tofauti halisi inaweza kuwa chini ya sifuri au kuzidi mkengeuko mzima. Tofauti ya kutafuta katika utafiti mkubwa iamuliwe na madaktari: ni badiliko gani lingewafanya wabadilishe tiba?

Fedha huishia wapi?

Kwenye saa za mashine, na mara nyingi ni saa ambazo mwombaji hakuzihesabu. Itifaki (utaratibu wa kupiga picha) ya dakika 30 za MRI hukalia mashine kwa saa nzima: mshiriki avue nguo na vitu vya chuma, ajaze fomu ya usalama, alazwe, koili (kifaa cha kupokea mawimbi) iwekwe, kipande kimoja kirudiwe kwa sababu alikohoa. Omba bei ya saa kwa maandishi kutoka kwa msimamizi wa mashine, na uulize kama bei hiyo ina radiografa, yaani mpiga picha, ndani yake au yeye analipwa kivyake. Uliza pia bei ya jioni na mwisho wa wiki. Ni nafuu, lakini wagonjwa wazee hawataki kuja saa hizo.

PET ina mtego wake. Dawa zake hubeba elementi zenye mionzi inayoisha haraka: florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110, kaboni-11 kila baada ya dakika 20. Dozi ikishatengenezwa haisubiri. Mshiriki akikwama njiani kwa karibu saa mbili, nusu ya florini imekwenda na bili iko palepale. Weka kwenye bajeti dozi kadhaa za kupotea na ueleze sababu. Mpitiaji anayeijua PET atakuamini zaidi. Kaboni-11, kwa kasi yake, haifikiriki kama saiklotroni (mashine inayoitengeneza) haiko jirani na skana.

Gharama ya tatu ni macho ya watu. Mtaalamu wa radiolojia anayesoma picha za watu 40 mara mbili, kwa robo saa kila moja, anatumia saa 20. Usipomlipa atazisoma usiku wa manane baada ya zamu, na uthabiti wa usomaji wako utaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Hifadhi ya data ni ndogo katika hatua hii lakini ihesabu. Kipande kimoja cha CT chenye pikseli 512 kwa 512 ni takriban nusu megabaiti, hivyo uchunguzi wa vipande 500 ni megabaiti 260 hivi. Data ghafi za MRI, zile za kabla ya picha kujengwa, ni kubwa zaidi na mashine nyingi huzifuta zenyewe baada ya muda mfupi. Kama mbinu yako inazihitaji, panga nani atazitoa na siku gani.

Nauli na fidia ya muda wa washiriki ziwepo. Mkutano wa nje ya nchi unaweza kusubiri.

Vipi kuhusu gharama za uendeshaji za taasisi?

Wafadhili wengi wa fedha za mbegu hawazilipi kabisa au huziwekea kikomo. NIH, kwa muda mrefu, imekuwa ikilipa taasisi zilizo nje ya Marekani asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja. Ofisi yako ya ruzuku ikidai zaidi ya anacholipa mfadhili, mzozo huo umalizwe kabla ya kutuma andiko.

Naweza kutumia mashine ya hospitali inayohudumia wagonjwa kila siku?

Unaweza, na kwa kazi nyingi ni bora kuliko mashine ya maabara kwa kuwa matokeo yatahamishika. Ila wagonjwa wa dharura watakupita kwenye foleni, na ndivyo inavyopaswa. Hatari kubwa zaidi ni kwamba kampuni inaweza kusasisha programu ya mashine katikati ya mradi wako na vipimo vikasogea bila mtu kujua. Kubaliana na msimamizi akujulishe, na upige fantomu ileile kila wiki au kila mwezi tangu siku ya kwanza. Ni dakika 10, na ndizo zitakazokuokoa mtu atakapouliza kwa nini washiriki wa mwisho wanatofautiana na wa kwanza.

Nisipotaka kupiga picha mpya, naweza kutumia zilizopo?

Ndiyo, na kama swali lako linajibika hivyo, fanya hivyo. Kumbukumbu za hospitali zina picha za miaka mingi, na zipo hazina za wazi. The Cancer Imaging Archive imekuwa ikihifadhi picha za saratani tangu 2011. Mkusanyo wake wa LIDC-IDRI una CT za kifua 1,018, nazo zilisomwa na wataalamu wanne wa radiolojia kila moja. ADNI, mradi wa utafiti wa ugonjwa wa Alzheimer ulioanza 2004, una picha za ubongo za watu wanaofuatiliwa kwa miaka. Data za fastMRI, mkusanyo mwingine wa wazi wa MRI, zina hata vipimo ghafi.

Lakini picha za zamani zilipigwa kwa sababu ya mtu mwingine. Itifaki zinatofautiana, walioumwa sana wamezidi, na ambao picha zao ziliharibika huenda hawamo. Swali la "je, wagonjwa wataweza kulala kwa dakika 40" haliwezi kujibiwa na picha za waliofaulu kulala.

Mradi wangu ni wa akili bandia. Kuna la ziada?

Lipo, na ndilo linaloangusha maandiko mengi siku hizi. Gawanya data kwa mgonjwa, kamwe si kwa picha. Mkusanyo wa eksirei za kifua uliotolewa na NIH una picha 112,120 lakini watu 30,805 tu. Ukizigawa ovyo, mtu yuleyule atakuwa upande wa mafunzo na upande wa mtihani, na modeli itasifiwa kwa kumkumbuka. Katika mkusanyo huohuo, majina ya magonjwa yalichotwa na programu kutoka kwenye ripoti, kwa hiyo yana makosa, na sehemu ya fedha zako inaweza kutumika vizuri kumlipa mtaalamu asome upya picha mia kadhaa za mtihani.

Kisha pata data za hospitali ya pili, hata kama ni kidogo. Utafiti wa nimonia uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba modeli iliyofunzwa kwa eksirei iliweza kutambua picha imetoka mfumo gani wa hospitali kwa usahihi wa karibu asilimia 100, na katika ulinganisho mwingi ufanisi wake wa kutambua nimonia ulishuka ilipopelekwa mahali papya. Hilo ndilo shaka kubwa la fani nzima, na andiko la mbegu lililojengwa juu yake lina uzito kuliko linaloahidi kuongeza usahihi kwa nukta mbili.

Kamati ya maadili itataka nini?

Kama kuna mionzi, itataka namba. Wastani wa mionzi ya asili duniani ni takriban 2.4 mSv (milisiverti, kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mtu kwa mwaka. Eksirei ya kifua ni 0.1 mSv au pungufu, CT ya kichwa ni kama 2, na CT ya tumbo kwa kawaida ni 8 hadi 10. Eleza dozi ya ziada inayotokana na utafiti peke yake, mbali na ile ambayo mgonjwa angepata kwa matibabu yake. Mwombe mwanafizikia wa tiba aikokotoe na atie sahihi.

Kwa MRI, kamati itauliza kuhusu dawa za gadolini zinazodungwa ili mishipa au uvimbe uonekane vizuri. Kumdunga mtu mzima wa afya dawa hiyo kwa ajili ya utafiti kunahitaji sababu nzito, na mwenye figo dhaifu ni suala jingine kabisa.

Tuma maombi kwenye kamati kabla ya kupata fedha kama mfadhili anaruhusu. Kibali kinaweza kuchukua miezi, na saa ya ruzuku huanza kuhesabu siku ya mkataba.

Nikiona ugonjwa ambao sikuutafuta kwa mshiriki?

Utauona, panga mapema. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba MRI za ubongo za watu wasio na dalili huonyesha jambo la namna hiyo kwa asilimia 2.7, yaani takriban mtu 1 kati ya 37. Utafiti wa watu 40 unaweza kukutana naye. Andiko na fomu ya ridhaa viseme nani mwenye sifa atazitazama picha, ndani ya siku ngapi, nani atamwambia mshiriki, na atapelekwa wapi. Kama mshiriki hataki kujua, amua kabla kama utamsajili. Picha zikiwa za majaribio tupu na hazifai kwa uchunguzi wa ugonjwa, mshiriki aambiwe hivyo kwa lugha yake, asije akadhani amepimwa afya bure.

Kufuta jina kwenye faili kunatosha kulinda utambulisho?

Hakutoshi. Faili za DICOM, umbizo la kawaida la picha za hospitali, hubeba tarehe, namba za mashine, majina ya madaktari na sehemu za ziada ambazo kila kampuni imejiongezea. Picha za ultrasaundi mara nyingi huwa na jina la mgonjwa limechapwa juu ya pikseli zenyewe, na programu inayosafisha maandishi ya faili haiwezi kuliona. Na kichwa ni uso: kwa MRI ya kichwa mtu anaweza kujenga sura. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, programu ya kutambua nyuso iliwalinganisha kwa usahihi watu 70 kati ya 84 na picha zao za kawaida. Kwa hiyo ondoa uso kwenye data utakazogawa, kisha hakikisha programu ya kuondoa uso haijala sehemu ya ubongo unayoipima. Hutokea.

Wapitiaji huangalia nini kwanza?

Ukurasa wa malengo. Malengo mawili yanatosha. Matatu ni mengi kwa mwaka mmoja. Kosa la kawaida ni la pili kutegemea la kwanza kabisa, kiasi kwamba la kwanza likianguka mradi umekwisha.

Kisha wanatafuta sentensi inayosema utafanya nini baada ya hapa. Andika kigezo chenye namba kabla ya kuanza: tukifikia hapa tunaomba ruzuku kamili, tukiwa katikati tunarekebisha itifaki, tukiwa chini ya hapa tunaacha. Taja pia ruzuku utakayoiomba. Mwandishi anayekubali kwa maandishi kwamba anaweza kuacha huaminiwa, pengine kwa sababu ni wachache.

Mwisho wanatazama timu. Mradi wa picha bila mwanafizikia au mhandisi wa picha, bila mtakwimu, au bila daktari anayewaona wagonjwa hao, una pengo linaloonekana mara moja. Radiografa atakayepiga picha aandikwe kwa jina na asilimia ya muda wake. Yeye ndiye anayejua kwamba kitanda hakifiki pale unapotaka kifike.

Mwaka mmoja unatosha?

Kwa picha zilizopo, ndiyo. Kwa washiriki wapya, hesabu miezi ya kibali, mafunzo na majaribio ya itifaki, kisha uone imebaki mingapi. Mara nyingi ni sita. Idadi ya washiriki ipangwe kwa hiyo sita.

Fedha zikibaki, au muda ukiisha kabla ya kazi?

Omba nyongeza ya muda bila fedha mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya mwisho. Wengi hukubali. Kununua kompyuta mwezi wa mwisho ili kumaliza salio huonekana kwenye ripoti.

Matokeo yakiwa mabaya nichapishe?

Chapisha. Mwenzako mwenye wazo lilelile asitumie fedha zake kugundua ulichokwisha kugundua. Kama utafiti wako uligawa watu kwenye makundi kwa bahati nasibu, fuata mwongozo wa CONSORT wa tafiti za majaribio uliotolewa 2016. Kwa usahihi wa vipimo kuna STARD ya 2015, na kwa akili bandia katika picha kuna CLAIM ya 2020, iliyosasishwa 2024. Kichwa cha makala kiseme wazi kwamba ni utafiti wa majaribio, na usijaze majedwali ya thamani za p kwa ulinganisho ambao sampuli yako haiwezi kuubeba.

Andiko langu limekataliwa. Nijaribu tena?

Soma maoni, yaweke pembeni wiki moja, yasome tena. Tenganisha aliyesema wazo halimvutii na aliyesema hakuelewa. Wa pili ana faida kwako zaidi, kwa sababu aliposhindwa kuelewa wengine nao watashindwa. Wapitiaji wawili wakigusa jambo moja, hilo rekebisha hata kama unaamini wamekosea. Mfadhili akiruhusu kurudi, jibu kila hoja kwa kuonyesha ukurasa ulikobadilisha. Akiwa haruhusu, peleka kwingine, lakini badili zaidi ya jina la mfadhili kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kuwa wanaopitia maandiko ya picha za kitabibu si wengi na kuna uwezekano mkubwa andiko lako likatua tena mezani kwa mtu yuleyule.